Usiniambie asilimia ngapi, niambie ulihesabu mpaka lini

Kazi yangu ni kusafisha data za watu wengine. Watafiti wanakusanya, wanachoka, wananitumia faili la ekseli lenye rangi kama zote na safu zisizo na majina, mi nalinyoosha mpaka likubali kuingia kwenye programu ya takwimu. Kwa muda sasa mafaili yanayonijia zaidi ni ya aina mbili ambazo ukiziweka pamoja watu wanacheka, upande mmoja madaktari wa upasuaji wanaotaka kujua wagonjwa wao waliishia wapi baada ya oparesheni, upande wa pili watu wa udongo wanaopima metali zenye sumu, kama kadimiamu, risasi na aseniki, kwenye mashamba. Na kadri ninavyokaa nayo naona ugomvi wangu na pande zote mbili ni uleule. Ile namba inayokaa juu kabisa ya ripoti, ambayo kila mtu anaisoma na kuirudia, imezaliwa na uamuzi mdogo wa mtu fulani: aache kuhesabu wapi, achimbe wapi, na asiyeonekana amuandike vipi.

Chukua upasuaji. Ukisikia "vifo vyetu ni asilimia 1" swali la kwanza ni asilimia 1 mpaka lini. Kuna wanaohesabu mpaka mgonjwa anaruhusiwa kutoka wodini, kuna wa siku 30, kuna wa siku 90, na hizo namba tatu hazilingani hata siku moja. Ukiishia kwenye mlango wa wodi, hospitali inayoruhusu wagonjwa mapema itaonekana nzuri sana, maana wa kuzidiwa atazidiwa akiwa nyumbani na kifo cha nyumbani hakiingii kwenye faili la wodi. Siku 30 ndo kipimo kilichozoeleka, na ndo kilichotumika kwenye makadirio yaliyotoka 2019 kwamba watu kama milioni 4.2 duniani hufariki kila mwaka ndani ya siku 30 baada ya kufanyiwa upasuaji. Sawa, kwa vifo inafaa. Lakini kwa mtu wa henia siku 30 hazikwambii kitu, henia ikitaka kurudi inaweza kurudi mwakani au hata miaka kadhaa mbele, na wa nyonga bandia ndo kabisa, huyo unatakiwa umfuatilie miaka 10 na kuendelea ndo ujue kama kile kifaa kilikuwa kizuri au tangazo lilikuwa zuri.

Sasa twende kwenye faili lenyewe. Kuna safu inaitwa "tarehe ya kurudi kliniki". Ziara ya kwanza seli zimejaa karibu zote, kwasababu nyuzi zinatakiwa zitolewe na hakuna mtu anataka kukaa na nyuzi. Mwezi wa tatu seli zinaanza kuwa nyeupe. Ukifika safu ya mwaka mmoja unashuka chini na kipanya unaona nyeupe, nyeupe, nyeupe, tarehe moja, nyeupe, nyeupe, halafu mahali mtu kaandika "simu haipatikani" kwa herufi kubwa kama vile anamfokea mgonjwa. Hiyo seli nyeupe ina maana gani? Kapona na hana muda wa foleni? Kahama? Kidonda kilifunguka akaenda kurekebishwa kwingine maana hakuridhika na nyie? Kafa? Programu haijui na haiulizi, ukiiacha yenyewe itawaweka pembeni wote na kukupigia hesabu ya waliorudi tu, na waliorudi ni kundi la ajabu kidogo, wengi ni wenye shida, wengine ni wale wanaompenda daktari wao, wengine wanaishi karibu. Halafu unaletewa sentensi "asilimia 92 ya wagonjwa waliridhika na matokeo". Asilimia 92 ya nani?

Dawa yake inajulikana na wala sio ngumu. Unapiga hesabu mara mbili, ya kwanza unachukulia wote ambao hawakurudi wamepona, ya pili unachukulia wote mambo yameharibika, halafu unaangalia. Kama hitimisho linabaki palepale, hongera, una utafiti. Kama linageuka, ulichonacho ni orodha ya watu waliokuja kliniki. Nikiwapa watu jedwali lenye hizo hesabu mbili huwa kimya kinapita kwenye barua pepe, siku kadhaa, halafu linakuja jibu fupi: tutumie ile ya kawaida.

Mtu aliyeteseka na hili swali kabla yetu sote ni Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston. Kwenye miaka ya 1910 alikuwa na wazo ambalo leo ukilisema linaonekana la kawaida kabisa, kwamba kila mgonjwa awe na kadi, na mwaka mmoja baada ya matibabu atafutwe aulizwe ilikuwaje, na kama haikuwa sawa iandikwe kwanini. Hospitali kubwa alikokuwa haikumuelewa, 1911 akafungua ya kwake ndogo, 1914 akajiuzulu kule. Kati ya 1911 na 1916 wagonjwa 337 walitoka hospitalini kwake na yeye mwenyewe akaorodhesha makosa 123 na kuyachapisha hadharani, makosa yake na ya wenzake. 1915 kwenye mkutano wa madaktari alifunua katuni kubwa ya mbuni aliyechimbia kichwa mchangani huku akiwatagia madaktari mayai ya dhahabu, mbuni akiwa ni wagonjwa matajiri wa mjini pale, na unaweza kukisia mkutano uliishaje. Alipoteza vyeo. Alifariki 1940 na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka 2014. Mi naamini shida ya watu na Codman haikuwa kadi, kadi ni karatasi tu, shida ilikuwa neno "kwanini".

Maana tatizo la matokeo ya upasuaji ni kwamba hata ukihesabu vizuri bado unaweza kuwa umehesabu kitu kingine. 2009 ulitoka utafiti maarufu wa ile orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, ile ambayo kabla ya kisu timu inasimama na kuthibitisha jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa, mzio, dawa ya kuzuia maambukizi. Hospitali 8 katika miji 8 duniani, vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Dunia nzima ikashangilia. 2014 wakatoka wa Ontario, Kanada, hospitali 101 zilizoamriwa kuitumia, vifo kutoka 0.71 mpaka 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haisimami. Na hospitali hizohizo zilikuwa zinaripoti kwamba zinaitumia karibu kila oparesheni. Watu wakaanza kubishana kama orodha inafanya kazi au haifanyi, mi nikawa najiuliza tu "kuitumia" kulipimwaje. Kama kipimo ni alama ya tiki kwenye karatasi, basi tiki zilifanya kazi vizuri sana, zilikuwa zimejaa.

Kuna mwingine naupenda zaidi, wa Afrika, uliochapishwa 2018. Nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000, wote kwa wiki moja moja tu kila nchi. Wagonjwa walikuwa vijana zaidi na hali zao kwa ujumla nzuri kuliko wastani wa dunia, lakini vifo vikatoka asilimia 2.1, kama mara mbili ya wastani huo. Na hapa ndo uzuri wa kuhesabu kwa akili unapoonekana, waliandika na siku ya kifo, na karibu vyote vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani mtu alitoka mezani salama, akafia wodini. Ukiwa na asilimia peke yake utanunua mashine za chumba cha upasuaji. Ukiwa na tarehe utaanza kuangalia usiku wa pili kule wodini, nani alipima presha, saa ngapi, na alipoona imeshuka alimwita nani. Inaendana na ule wa Marekani wa 2009 uliolinganisha hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalikuwa karibu sawa, tofauti ilikuwa kwenye waliopata matatizo hayo wangapi walikufa, asilimia 21.4 kule na 12.5 huku. Kupata tatizo hakukutofautisha hospitali, kuliwahi au kuchelewa ndo kulitofautisha. Halafu timu ileile ya Afrika ikajaribu kuongeza uangalizi wa wagonjwa walio kwenye hatari baada ya oparesheni, jaribio kubwa, majibu yakatoka 2021: vifo havikupungua. Na wakachapisha hivyohivyo. Watu wa namna hiyo ukiniletea faili lao nalisafisha bure.

(Ule wa goti wa 2002 nao usisahaulike, wagonjwa 180, baadhi waliingizwa vifaa kwenye goti wakasafishwa kweli, baadhi walichanwa ngozi tu na kushonwa, na miaka miwili baadae hakuna aliyekuwa na nafuu kuliko mwenzake. Ningekuwa daktari wa magoti ningeubandika ukutani.)

Haya, shamba.

Watu wanadhani udongo ni rahisi kwasababu haukimbii kliniki. Kwa kweli udongo ni mgonjwa mgumu kuliko hao wengine. Kwanza unapochimba. Unapita shambani kwa zigizaga, unachoma kifaa kwenye ardhi mpaka sentimita 20, unatoa kipande, unatia kwenye ndoo, unasogea, unachoma tena. Na hiyo ndoo lazima iwe ya plastiki, maana ndoo ya bati imepakwa zinki, ukiitumia utarudi na shamba lenye zinki ya ajabu na ripoti ya kutisha kumbe umepima ndoo. Mwishoni unachanganya yote, unagawa mara nne, unatupa robo mbili, unarudia mpaka ubaki na mfuko mmoja mdogo. Unakausha, unaponda, unapitisha kwenye chekecheo la milimita 2. Ule mfuko ndo unaitwa "shamba". Kona moja ambako zamani palimwagwa uchafu wa kiwandani imeshachanganywa na sehemu zote safi, sumu imegawanywa kwa wastani, ikapotea. Namba iko sahihi kabisa na kona bado iko palepale inalimwa.

Na kina cha kuchimba nacho kina siasa zake. Vumbi la kiwanda au moshi vinatua juu, ukichukua sentimita 5 za kwanza unaliona kali, ukichukua 20 umelizimua. Sio udanganyifu, wote wawili wamepima kweli, ila wakikutana kwenye jedwali moja la mapitio bila safu ya kina ndo vurugu zinapoanza, na safu ya kina mara nyingi haipo.

Halafu maabara. Hapa ndo kuna jambo ambalo ningetaka kila anayeandika habari za "mashamba yenye sumu" alijue. Ukiyeyusha udongo kwa mchanganyiko mkali wa asidi ya nitriki na haidrokloriki unapata karibu metali yote iliyomo, hata sehemu kubwa ya ile iliyoshikwa kwa nguvu kwenye chembe za udongo ambayo mzizi hautaigusa karne hii. Ukitumia kimiminika laini kama DTPA, njia iliyowekwa sawa 1978, unapata ile sehemu ndogo ambayo mmea unaweza kuifikia. Shamba moja, mfuko mmoja, namba mbili ambazo zinaweza kupishana mara kumi. Ipi inaandikwa kwenye kichwa cha habari? Kubwa, siku zote.

Ushahidi mzuri ni sehemu mbili, kijiji kimoja cha Uingereza na bonde moja la Japani. Shipham, huko Somerset, palikuwa na machimbo ya zinki ya zamani, na mwishoni mwa miaka ya 1970 bustani za watu zilipopimwa zilikutwa na kadimiamu ya makumi mpaka mamia ya miligramu kwa kilo ya udongo. Namba za kukimbia. Watu wakachunguzwa afya, na madhara makubwa yaliyotegemewa hayakuonekana. Kwenye bonde la mto Jinzu, Toyama, mashamba ya mpunga yalikuwa na kadimiamu chini ya miligramu 10 kwa kilo, na kule ndo kulitokea ugonjwa wa itai-itai, jina linalotokana na kilio cha maumivu, wanawake hasa wenye umri mkubwa, figo zimeharibika, mifupa imelainika mpaka inavunjika kwa mtu kujigeuza tu. Tofauti? Udongo wa Shipham una chokaa nyingi na pH ya juu, yaani asidi kidogo, kadimiamu imeshikiliwa, zinki nayo iko ya kutosha kushindana nayo, na watu hawakutegemea bustani zao peke yake kwa chakula. Kule Toyama maji ya mto kutoka mgodi wa juu yalimwagilia mpunga, na mpunga ndo ulioliwa kila siku kwa miaka. Mtu angepima udongo peke yake kwa ile asidi kali angetuma msaada kijiji sicho.

Mpunga wenyewe una mtihani wake ambao mi nauona ni wa kikatili. Shamba likiwa limefurika maji, oksijeni inaisha kwenye udongo, salfa inabadilika na kuikamata kadimiamu kiasi kwamba mmea hauipati. Safi. Ila katika hali hiyohiyo isiyo na oksijeni, kutu ya chuma inayoshika aseniki inayeyuka, aseniki inaachiwa, na mpunga unaivuta kupitia njia zilezile unazovutia silika. Ukikausha shamba aseniki inashuka, kadimiamu inapanda. Kwahiyo mtafiti aliyepima kadimiamu tu atashauri jaza maji, mwenzake aliyepima aseniki tu atashauri kausha, kila mmoja na grafu nzuri, na wote wawili wanaweza kuchapishwa mwaka mmoja. Nimeshaletewa faili la hivyo, safu moja tu ya metali, nikauliza aseniki iko wapi, nikajibiwa haikuwa kwenye bajeti.

Na kuna hili la "chini ya kiwango cha kugundua". Mashine ya maabara ina kikomo, chini yake haioni, kwahiyo inakupa "<0.05". Alama ile ya mdogo-kuliko ekseli inaiona kama maneno, inakataa kujumlisha. Watu wanafanyaje? Wengine wanaweka sifuri. Wengine wanaweka nusu, 0.025, kwasababu walifundishwa hivyo na mtu aliyefundishwa hivyo. Wengine wanafuta mstari mzima, na hao ndo balaa, maana wamefuta mashamba yote masafi na kubakiza machafu, wastani unapaa. Sampuli zikiwa chache za hivyo nusu haiui. Zikiwa nusu ya faili basi wastani umeutunga mwenyewe, na zipo njia za kitakwimu za kushughulikia hilo zinazotumia taarifa kwamba ni ndogo bila kuzipa namba ya kubuni, tena ni zilezile za familia tunayotumia kwa wagonjwa ambao tunajua walikuwa hai mpaka mwezi wa nane halafu hatukuwaona tena. Siku nilipogundua nafungua kitabu kilekile kwa mafaili yote mawili ndo wazo la makala hii lilipoanza.

Namba kubwa za dunia nazo nazisoma kwa jicho hilohilo. China ilitangaza 2014 kwamba asilimia 19.4 ya vituo vya mashamba vilivyopimwa vilizidi viwango, kadimiamu ikiongoza. 2025 ikatoka kazi iliyokusanya vipimo karibu 800,000 kutoka tafiti 1,493 na kukadiria asilimia 14 mpaka 17 ya ardhi ya kilimo duniani imezidi kiwango kwa angalau metali moja, na watu kati ya milioni 900 na bilioni 1.4 wanaishi maeneo hayo. Naichukulia kwa uzito, ni kazi kubwa. Ila watu huchimba pale wanapohisi tatizo, karibu na migodi, karibu na viwanda, na sehemu kubwa za dunia ambazo hakuna aliyewahi kuchimba zinajazwa na modeli, ni zile seli nyeupe tena, safari hii zimepakwa rangi kwenye ramani.

Kilichobaki ni muda. Metali haiozi. Kadimiamu inayokuja na mbolea ya fosfati kidogo kidogo kila msimu inabaki, ndo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 60 kwa kilo ya fosfati kuanzia 2022. Ikishaingia mwilini, nusu yake tu inachukua miaka 10 mpaka 30 kutoka kwenye figo. Itai-itai ilitambuliwa rasmi na serikali ya Japani 1968, kazi ya kubadilisha udongo wa bonde lile ikaanza 1979 na kumalizika 2012. Ukimpa mtafiti ruzuku ya miaka mitatu kwa tatizo la namna hii ni sawa na kumhesabu mgonjwa wa nyonga mpaka mlango wa wodi.

Na kadimiamu inalainisha mifupa, mifupa inavunjika, na iliyovunjika inaishia kwa daktari wa upasuaji. Fomu za mifupa ninazoletewa zinauliza sigara, kwasababu mifupa ya wavutaji inaunga taratibu, na tumbaku ni mmea unaovuta kadimiamu kutoka udongoni kwa bidii sana, kwahiyo madaktari tayari wanaigusa hii metali kwa mlango wa nyuma bila kuitaja. Nikamuuliza daktari mmoja ninayefanya naye kazi, kwanini usiongeze swali moja tu, nafaka unayokula unaitoa wapi, unalima mwenyewe au unanunua, na maji ya shamba yanatoka wapi. Akaniambia fomu ina kurasa nne tayari, manesi wanalalamika, akiongeza swali lazima atoe lingine, nimwambie atoe lipi. Nikamwambia atoe namba ya faksi ya mgonjwa.

Faksi imetoka kweli. Nafasi yake ameweka namba ya simu ya ndugu wa karibu, ili mgonjwa asipopatikana mwakani kuwe na mtu wa kuuliza. La nafaka amesema tutaongea toleo lijalo la fomu.